Ukifika New Orleans Utakula Wapi? Historia ya Mji Uliolishwa na Watu Waliofika Mikono Mitupu



Hapa kwenye kundi letu maswali juu ya Marekani hayaishi. Baridi ikoje? Kazi zikoje? Shule zikoje? Leo naleta swali linaloonekana dogo: watu wanakula wapi? Nimechagua mji mmoja wa zamani, New Orleans, kule kusini, jirani na mahali ambapo mto Mississippi unaingia baharini. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, baadaye ukatawaliwa na Hispania, halafu Marekani ikaununua pamoja na eneo lote la Louisiana mwaka 1803. Leo watalii wanaenda huko kwa ajili ya muziki na chakula. Sasa ukiuliza hicho chakula kimetoka kwa nani, utakutana na watu wanaofanana na sisi zaidi ya unavyofikiri.

Tuanze na sufuria yenyewe. Chakula kinachojulikana kuliko vyote huko kinaitwa gumbo. Ni mchuzi mzito wa kamba, kuku au soseji, unaoliwa na wali. Mara nyingi unapikwa na bamia, ile ambayo wengine wetu tunaiita dongodongo. Na jina lenyewe? Katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, bamia iliitwa ki-ngombo, na wataalamu wengi wanaona kwamba gumbo imetoka hapo. Angalieni hiyo "ki" ya mwanzo, ni ndugu ya "ki" yetu ya kitu na kisu. Meli za watumwa zilianza kufika Louisiana mwaka 1719. Watu wengi walitoka Senegal na Gambia, wengine walitoka Kongo na Angola. Walinyang'anywa majina na familia, lakini namna ya kupika haikuweza kunyang'anywa, kwa sababu iko kichwani na mikononi.

Katika mji huo bado kuna uwanja unaoitwa Congo Square, mtaa wa Tremé. Jumapili watumwa walikusanyika pale, wakacheza ngoma na kuuza vyakula na bidhaa ndogondogo. Mwaka 1817 wakubwa wa mji waliamuru mikusanyiko hiyo ifanyike mahali pamoja tu. Hata hivyo soko liliendelea na ngoma iliendelea. Ukifika New Orleans, anzia hapo kabla hujatafuta meza ya kukaa.

Baadaye wakaja wakimbizi. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, waliinuka dhidi ya mabwana zao, na mwaka 1804 nchi ikapata uhuru. Katika vita hivyo watu wengi walikimbilia Cuba, wakaanza maisha upya. Halafu Napoleon akaivamia Hispania, na Wahispania waliokuwa wanatawala Cuba wakawafukuza watu wa upande wa Ufaransa. Ukimbizi mara ya pili! Kati ya 1809 na 1810, watu zaidi ya 9,000 kati yao walishuka New Orleans, na idadi ya watu wa mji ikakaribia kuwa maradufu.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Wakimbizi hao hawakuwa sawa. Karibu theluthi moja walikuwa wazungu, theluthi nyingine watu weusi na machotara waliokuwa huru, na theluthi ya tatu walikuwa watumwa walioletwa na mabwana zao. Sheria ya Marekani ilikuwa imekataza kuingiza watumwa kutoka nje tangu 1808, lakini Bunge likatoa ruhusa maalumu ili mabwana hao waingie nao. Yaani watu walikimbia pamoja na wakafika pamoja, lakini mmoja alibaki bwana na mwingine akabaki mtumwa. Tukisema "wakimbizi" kama vile ni kitu kimoja, historia hii inatukatalia.

Chakula kinachohusishwa sana na watu wa visiwa hivyo ni maharage mekundu na wali. Naam, maharage! Yale ambayo kwenye mgao tunayalalamikia kila mwezi. New Orleans ni chakula cha Jumatatu, kwa sababu zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Mama aliweka sufuria motoni asubuhi, akatia mfupa wa nyama uliobaki Jumapili, akaenda kufua huku maharage yakijipika polepole. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa aliyezaliwa mji huo katika umaskini, aliyapenda hadi akayataja kwenye salamu za kumalizia barua zake. Leo yanauzwa hata kwenye migahawa ya watu wenye pesa.

Kuna pia mkate uliojazwa nyama au samaki, unaitwa po-boy, maana yake kijana maskini. Habari inayosimuliwa sana ni ya mwaka 1929. Wafanyakazi wa tramu waligoma, na ndugu wawili wa familia ya Martin, ambao waliwahi kufanya kazi hiyo, wakaahidi kuwalisha wagomaji bure katika mgahawa wao. Kila mgomaji alipoingia, walisema amekuja kijana maskini mwingine. Jina likabaki.

Sasa tufike mtaa wa Tremé tena, barabara ya Orleans Avenue, kwenye mgahawa wa Dooky Chase. Ulifunguliwa kama mgahawa mwaka 1941. Mwaka 1946 binti mmoja aitwaye Leah aliolewa katika familia hiyo. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya kuhudumia wateja katika mgahawa wa French Quarter, mtaa wa kale wa mji. Wakati ule watu weusi waliweza kupika na kubeba sahani kwenye migahawa kama hiyo, lakini kukaa mezani na kula, hapana. Fikirini hilo vizuri: chakula kilichotoka mikononi mwao kilisifiwa, wao wenyewe wakaambiwa wapite mlango wa nyuma.

Leah Chase aliamua kwamba watu weusi nao watakaa kwenye meza yenye kitambaa safi. Katika miaka ya 1960, weusi na wazungu waliopigania haki walikutana katika chumba cha juu cha mgahawa huo, wakala gumbo na kupanga mikakati. Kukaa pamoja hivyo kulikuwa kinyume cha sheria. Martin Luther King naye alifika. Mwezi Septemba 1960 vijana wanne, watatu weusi na mmoja mzungu, walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la McCrory's wakaomba kuhudumiwa. Walikamatwa. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1963 wakashinda. Mwaka uliofuata sheria ya nchi nzima ilikataza kumbagua mtu mgahawani kwa rangi yake. Vijana wale walikuwa na umri kama wetu.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kingo za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu kubwa ya mji ikazama. Dooky Chase pia uliingia maji. Bibi Leah, akiwa na miaka zaidi ya 80, aliishi na mume wake kwenye nyumba ya muda ya magurudumu karibu na mgahawa mpaka ulipofunguliwa tena 2007. Alifariki 2019 akiwa na miaka 96, na bado alikuwa anaingia jikoni.

Mahali pa mwisho ni mashariki ya mji, mbali na watalii. Vita vya Vietnam vilipoisha mwaka 1975, maelfu ya Wavietnam walikimbia, na Kanisa Katoliki likasaidia wengi kupata makazi New Orleans. Mwaka 1982 familia moja ya Kivietnam ilifungua duka la mikate liitwalo Dong Phuong. Mikate ya Kifaransa waliijua tangu kwao, kwa sababu Ufaransa iliwahi kuwatawala pia. Wakaanza kuoka, na baadaye migahawa ya po-boy ikaanza kununua mikate kwao. Mwaka 2018 duka hilo lilipewa tuzo ya taifa ya James Beard. Keki zao za msimu wa sikukuu watu wanazipangia foleni ndefu. Kwa hiyo mkate wa "kijana maskini" leo unaweza kuwa umeokwa na familia ya wakimbizi.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu kwenye makaratasi sisi tunahesabiwa kama watu wa kulishwa: familia ya watu saba, mgao wa watu saba. Historia ya New Orleans inaonyesha watu waliofika bila kitu wakilisha mji mzima miaka mia mbili na zaidi. Lakini inaonyesha pia kwamba ujuzi peke yake hautoshi. Watumwa walikuwa na ujuzi wote na faida ilienda kwa mabwana. Wavietnam waliruhusiwa kufanya kazi, kutembea na kufungua duka, na hata hivyo ilipita miaka 36 kabla ya tuzo. Mama anayeuza sambusa na chai karibu na kituo cha mgao ana mikono kama ya Leah Chase. Kinachomkosesha mara nyingi ni kibali cha kutoka, mtaji na mahali pa kuuzia.

Ndugu zetu wa mashirika, mkipanga miradi, mama huyo msimwandike tu kama anayehitaji msaada. Muulizeni anahitaji nini ili apanue jiko lake. Na sisi vijana, kabla hatujaondoka kwenda nchi ya tatu au kurudi nyumbani, tukae na mabibi zetu. Tuwaulize wanavyopika sombe, samaki na maharage, tuandike kwenye daftari au turekodi kwenye simu. Wiki hii nitakaa na bibi jirani yangu, nianze na sombe. Wewe utaanza na chakula gani?