Tone la damu kando ya kitanda: historia ya kupima sukari, kutoka Liverpool hadi Riyadh

Leo tunalitazama jambo linalochukua muda mfupi tu, lakini hurudiwa usiku na mchana katika hospitali za Riyadh na Jeddah nchini Saudi Arabia, kama ilivyo katika hospitali za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Muuguzi huchoma ncha ya kidole cha mgonjwa, huchukua tone la damu, na kusoma kiwango cha sukari pale pale kitandani. Je, wanadamu walifikaje hapo? Na tarakimu ile ina uzito gani?

Matabibu wa India ya kale waliona kuwa sisimizi huukimbilia mkojo wa baadhi ya wagonjwa, wakautambua ugonjwa huo kwa utamu wake. Mwaka 1776, daktari Matthew Dobson wa mjini Liverpool, Uingereza, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa wa kisukari hadi ukakauka, akabakiwa na kitu mithili ya sukari. Alibaini pia kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa huyo yalikuwa matamu. Chanzo, basi, kilikuwa katika damu.

Hata hivyo, kwa karibu karne mbili zilizofuata waganga waliendelea kuutegemea mkojo, hata baada ya mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Lakini mkojo ni shahidi anayechelewa. Hueleza yaliyopita saa kadhaa nyuma, na kwa kawaida sukari haionekani humo mpaka kiwango cha damu kizidi takriban milimoli 10 kwa lita. Zaidi ya hayo, mkojo hausemi lolote sukari inapoporomoka, na huko ndiko kwenye hatari ya haraka, kwani ubongo unaokosa sukari huzimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1965. Kampuni ya Ames ya Marekani ilitoa kijiti cha kupimia damu kilichobuniwa na Ernest Adams. Tone la damu liliwekwa juu yake, likaoshwa kwa maji baada ya dakika moja, kisha rangi ikalinganishwa na ile iliyochorwa kwenye chupa. Miaka michache baadaye zikatokea mashine za kuisoma rangi hiyo, na mwaka 1987 ikatoka mashine yenye ukubwa wa kalamu, iliyopima sukari kwa njia ya umeme. Maabara ikawa imehamia kitandani.

Miaka hiyo hiyo Saudi Arabia ilikuwa ikijenga huduma zake za afya kwa utajiri wa mafuta. Hospitali ya Rufaa ya Mfalme Faisal mjini Riyadh ilifunguliwa mwaka 1975, na madaktari na wauguzi waliajiriwa kutoka nchi nyingi. Maisha nayo yalibadilika: vyakula, magari na kazi za kukaa. Mwaka 2004, Mansour Al-Nozha na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu karibu watu 17,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 70. Asilimia 23.7 kati yao walikuwa na kisukari.

Wakati huo huo, mjadala mkubwa ulikuwa umezuka duniani. Mwaka 2001, madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walieleza kuwa kuishusha sukari ya wagonjwa mahututi waliofanyiwa upasuaji hadi kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kulipunguza vifo. Hospitali nyingi zilianza kufuata mfano huo.

Riyadh haikuishia kuiga. Daktari Yaseen Arabi na wenzake katika Mji wa Tiba wa Mfalme Abdulaziz waliwagawa wagonjwa mahututi 523 katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa onyo: udhibiti mkali haukuthibitika kupunguza vifo, ilhali kuporomoka kwa sukari kuliwapata asilimia 28.6 ya waliodhibitiwa vikali, dhidi ya asilimia 3.1 ya wengine. Mwaka uliofuata, utafiti uitwao NICE-SUGAR, uliowashirikisha wagonjwa zaidi ya 6,000, ulionyesha kuwa udhibiti mkali uliongeza vifo. Leo Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza kati ya milimoli 7.8 na 10 kwa wengi wa wagonjwa mahututi.

Fundisho ni kuwa tarakimu huweza kudanganya. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu huenda akaonekana ana sukari nyingi kuliko aliyonayo, na aliyeshuka sana shinikizo la damu hawezi kupimwa kidoleni kwa uhakika. Hata mabaki ya tende kwenye kidole baada ya kufuturu yanaweza kuipandisha tarakimu. Muuguzi asiyemnawisha mgonjwa mikono huenda akamdunga insulini asiyoihitaji.

Jeddah nayo ina nafasi yake katika habari hii. Ndipo yalipo makao ya Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, ambalo katika kikao chake cha mwaka 1997 mjini humo liliamua kuwa sindano za tiba zisizo za lishe hazibatilishi saumu. Madaktari na wanazuoni wamefafanua pia kwamba kuchoma kidole ili kupima sukari hakuharibu funga. Ufafanuzi huo huokoa maisha, kwa kuwa wapo wanaoshinda mchana kutwa bila kupima kwa kuhofia tone moja la damu.

Jeddah pia ni lango la mahujaji wetu. Atakayetua huko na daftari lake la kisukari akumbuke kwamba baadhi ya mashine husoma kwa milimoli kwa lita, na nyingine kwa miligramu kwa desilita. Saba ya zile za kwanza ni 126 ya hizi za pili. Aulize kwanza kabla ya kushtuka, au kabla ya kudungwa sindano.

Wasikilizaji wapenzi, safari kutoka chungu cha Dobson hadi kitanda cha Riyadh imechukua zaidi ya miaka 200. Mashine imekuwa ndogo, na jibu limekuwa la haraka. Lililobaki kuwa zito ni lile la zamani: mtu aliyesimama kando ya kitanda, anayemtazama mgonjwa kabla ya kuiamini tarakimu.