Sheria ya Dhamiri na Mama wa Billings



Wapendwa waamini, juma hili tuitazame sheria moja ya Marekani inayotajwa mara nyingi pale hospitali ya kidini inapokataa kutoa huduma fulani.

Mwaka 1972, katika mji wa Billings, jimbo la Montana, mama mjamzito aliyetazamiwa kujifungua kwa upasuaji aliomba afungwe kizazi wakati huo huo. Hospitali ya Mtakatifu Vinsenti, iliyoanzishwa na watawa, ilikataa kwa kufuata mafundisho ya Kanisa. Mama huyo na mumewe wakaenda mahakamani, na jaji akaiamuru hospitali isiwazuie. Mji mzima haukuwa na wodi nyingine ya wazazi.

Januari 1973 Mahakama ya Juu ilihalalisha utoaji mimba nchini kote, uamuzi uliotenguliwa mwaka 2022. Hofu ikatanda: je, hospitali iliyopokea fedha za serikali ingelazimishwa kutoa mimba? Seneta Frank Church wa Idaho (jina lake kwa Kiingereza humaanisha "kanisa", ila ni la ukoo tu) alipeleka hoja bungeni, na mwaka huo huo ikawa sheria: kupokea fedha hizo hakumfungi daktari wala hospitali kutoa mimba au kufunga kizazi kinyume cha imani yake. Kipengele kingine husahaulika. Hospitali inayopokea fedha hizo hairuhusiwi kumbagua daktari kazini kwa kuwa alikataa tendo hilo, wala kwa kuwa alilifanya kihalali. Amri ya Billings ikaondolewa.

Kwa maoni yangu sheria hiyo ilikuwa ya haki. Lakini haikusema mama aende wapi penye wodi moja tu. Dhamiri ya watawa ililindwa. Safari na upasuaji wa pili vingembebesha mzigo yeye. Jambo hilo sisi Wakatoliki tumezoea kulipita haraka mno.

Tena, sheria hiyo ilitaja matendo, haikutaja aina za watu. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California iliamua shauri la madaktari Wakristo waliokataa kumpandikiza mbegu mwanamke aliyeishi na mwanamke mwenzake. Mahakama ilisema wangeweza kuacha huduma hiyo kwa wote, au kuhakikisha mgonjwa anahudumiwa na daktari mwingine pale pale; kumbagua kwa mwelekeo wake hawakuruhusiwa. Hapo tuwe wakweli: Kanisa halikubali upandikizaji huo hata kwa wanandoa, hivyo hospitali inayolifuata ingewakatalia wote sawasawa.

Mwaka 1984, wagonjwa wa UKIMWI walipokuwa wakikwepwa na wengi, hospitali nyingine ya watawa yenye jina la Mtakatifu Vinsenti, ya New York, ilifungua wodi kwa ajili yao. Wengi wao walikuwa wanaume mashoga. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa hayakubadilika hata kidogo, na vitanda vilijaa.