Mng'ao Usio na Nyota

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo ya kwanza kuundwa mahsusi kutafuta eksirei za angani.

Ilibidi kupanda juu. Eksirei hupenya nyama hadi mfupani, lakini zile za angani huishia kwenye hewa inayoifunika dunia. Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko New Mexico. Kwa dakika chache tu juu ya hewa, vifaa vyake vilinasa chanzo kikali, Scorpius X-1, na pia mng'ao uliotanda kila upande.

Mwaka 1968 wataalamu waligundua kwamba eksirei laini, zenye nishati ndogo, nazo zina mng'ao wao. Hizo hazisafiri mbali kabla ya kumezwa na gesi baridi iliyo kati ya nyota, hivyo sehemu yake lazima itoke jirani. Kuzipima kulihitaji kisanduku cha gesi chenye dirisha jembamba mno: eksirei ikipita, hubandua elektroni, na umeme mdogo unahesabiwa. Setilaiti ya SAS-3, iliyorushwa Malindi mwaka 1975, ilichora ramani ya mng'ao huo. Jibu lililokubalika: tumezungukwa na kiputo cha gesi ya nyuzi milioni moja, kilichopulizwa na nyota zilizolipuka.

Kisha likaja fumbo. Mwaka 1996 setilaiti ya Kijerumani, ROSAT, iliona nyotamkia Hyakutake iking'aa kwa eksirei. Barafu itoe eksirei? Ilibainika kwamba chembe za upepo wa jua hunyang'anya gesi elektroni, na hapo eksirei huzaliwa. Upepo huo hukuta gesi hata pasipo nyotamkia; basi huenda mng'ao wote wa eksirei laini ulikuwa wa hapa hapa, kwenye ua wa jua letu!

Ikawa kazi ya kuchambua mchele: kutenga punje na chuya. Desemba 2012 roketi ya DXL ilipima mchango wa upepo wa jua. Kwenye bapa la galaksi yetu ulifikia takriban asilimia 40 ya eksirei laini. Zilizobaki ni za gesi ya moto.

Kiputo kipo. Miaka hamsini ya kuhesabu, kutilia shaka na kuhesabu upya ndiyo iliyotupa haki ya kusema hivyo.