Boriti Ilivyokata Upana wa Vyumba vya Lamu

Ingia nyumba ya mawe ya zamani mjini Lamu, simama mlangoni mwa chumba, kisha piga hatua tatu, labda nne. Ukuta huo hapo. Ukigeuka kulia au kushoto, chumba kinakwenda mbali, kirefu na chembamba kama mtumbwi.

Si ubahili wa fundi. Kipimo kilitoka matopeni. Dari ilibebwa na boriti za mkoko, na mti ulionyooka wenye unene wa kuhimili matumbawe na chokaa ulitoa mita tatu hivi, basi. Wakataji waliigawa miti kwa unene kuwa fito, pau, mazio, boriti na nguzo, wakaihesabu kwa korja, yaani miti 20. Tajiri aliweza kununua korja apendazo akaongeza vyumba na ghorofa. Upana ulibaki uleule wa jirani yake.

Miti hiyohiyo ilisafiri. Majahazi ya Kuwait na Sur yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia. Kwa hiyo mzee wa Kuwait wa enzi hizo alilala chini ya dari ya Afrika Mashariki, katika chumba chembamba vilevile. Mafuta yalipoleta chuma na saruji, haja ikapungua. Kenya nayo ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Lakini watu wa Lamu waliishije katika vyumba hivyo vyembamba na wakajiona wako kwao? Ujanja wao mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hawakupoteza nafasi kwa ujia. Vyumba vilipangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa mbingu, halafu kumbi mbili, msana wa chini na msana wa juu, mwisho chumba kiitwacho ndani. Kila unapovuka unapanda kidogo, mwanga unapungua, na sauti za barabarani zinabaki nyuma. Mgeni alijua pa kukomea bila kuambiwa. Ncha za msana zilikatwa kwa pazia, kitanda kikawekwa nyuma yake. Pazia likifunguliwa asubuhi, chumba cha kulala kimekuwa sebule.

Halafu zipo zidaka, safu za vishubaka vya chokaa ukutani mle ndani, vya kupangia sahani na bakuli za Kichina. Ni kabati lisilokula hata shubiri moja ya sakafu, na jicho likizama kwenye vivuli vyake ukuta huonekana umesogea nyuma.

Na nafasi ilipokwisha kabisa, walijenga juu ya njia. Chumba hicho huitwa wikio: kimelala juu ya uchochoro, kikiunganisha nyumba mbili za ndugu ili wanawake wapitiane bila kushuka barabarani. Chini yake punda hupita na mzigo wa mchanga.