Pesa ya watoto: kwa nini inafuata karatasi ya mshahara

Juma lililopita, baada ya habari za asubuhi, mama mmoja aliningojea mlangoni mwa redio. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine alimshika mkono. Yeye ni mkimbizi wa ndani. Alitoka kijiji cha upande wa Opala wakati wa mapigano ya Mbole na Lengola, yale yaliyoanza mwaka 2023, na sasa analala kwa dada yake Mangobo, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Alisikia jirani, mfanyakazi wa kampuni, akisema kwamba kuna pesa inayolipwa kwa ajili ya watoto.

«Mwanangu, jina langu liandikwe wapi?» aliniuliza.

Nilimjibu, «Mama, pesa ile wewe haikufikii.» Akauliza kwa nini. Pale mlangoni sikuwa na jibu fupi. Basi leo ninamjibu yeye, na wote wenye ulizo kama lake.

Pesa ile tunaiita alokasyo. Ina umri mkubwa kuliko uhuru wetu, na haikuanza kwa sababu ya huruma. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière kule Katanga ilikuwa inaleta wanaume kutoka mbali, wanafanya kazi miezi kadhaa, kisha wanarudi kwao. Wengi waliugua, wengine walikufa, wengine walitoroka. Hesabu ilikuwa mbaya kwa kampuni. Kuelekea mwisho wa miaka ile ikabadilisha mpango: mfanyakazi akae kambini pamoja na bibi yake, na posho ya chakula itolewe kwa bibi na watoto pia. Kampuni ilipata faida mbili. Mwanaume alitulia kazini, na mtoto wake alikua karibu na mgodi, tayari kwa kazi ya kesho.

Mwaka 1951 utawala wa Wabelgiji ukaandika sheria: mapatroni walipe alokasyo kwa wafanyakazi wao wenye watoto. Lakini si kila mtoto alihesabiwa. Baba alipaswa kuwa na kazi ya mshahara, na ndoa iwe ya bibi mmoja. Mwaka uliotangulia, amri nyingine ilikuwa imekataza ndoa mpya za wake wengi. Na huku kwetu, Kisangani ikiwa bado inaitwa Stanleyville, mwanamke aliyeishi mjini bila bwana alitozwa kodi yake mwenyewe. Fikirini jambo hilo. Mwanaume mwenye kazi alipokea pesa kwa ajili ya watoto wake. Mwanamke aliyelea watoto peke yake, yeye ndiye aliyelipa.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya usalama wa jamii ikatoka tarehe 29 Juni 1961, kasoro siku moja mwaka utimie. Iliunda INSS yenye matawi matatu: pansheni, ajali na magonjwa ya kazini, na alokasyo za familia. Sheria ilitiwa sahihi Léopoldville. Siku hiyo, hapa Stanleyville kulikuwa na serikali nyingine, ya Antoine Gizenga, na Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Ilikuwa sheria moja katika nchi iliyogawanyika.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kwa miaka mingi, tawi la alokasyo la INSS lilifanya kazi Katanga peke yake, kule ambako kasha la wakati wa ukoloni lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Katika majimbo mengine, pamoja na letu, patroni alimlipa mfanyakazi wake moja kwa moja. Patroni mwema alilipa. Mwingine alichelewesha au alisahau. Mfanyakazi wa Kisangani aliyenyimwa hakuwa na kasha la kwenda kulalamikia, alikuwa na patroni yule yule.

Halafu miaka mibaya ikaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pesa ya Zaire ilipoteza thamani, na mwaka 1991 na 1993 uporaji uliharibu kazi nyingi nchini. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita katikati ya mji wetu. Kampuni zilipofungwa, haikuwa kazi tu iliyopotea. Ile karatasi ya mshahara ambayo haki ya mtoto ilikuwa imeandikwa juu yake ilipotea pia. Baba akapanda baiskeli ya toleka au akaenda kuchimba almasi. Mama akaweka meza ya mihogo na samaki sokoni. Wote wawili wanafanya kazi tangu alfajiri, lakini mbele ya sheria hakuna anayeandika jina la mtoto wao.

Mageuzi makubwa yalikuja tarehe 15 Julai 2016. Siku ile ile zilitangazwa sheria tatu zinazomgusa mtoto. Ya kwanza ilibadilisha Kanuni ya Familia, na mke hahitaji tena ruhusa ya bwana. Ya pili ni ya usalama wa jamii, na inasema kwamba alokasyo ni ya nchi nzima. Ya tatu iligusa kanuni ya kazi. Mwaka 2018, INSS ikageuka CNSS. Patroni anachanga asilimia 6.5 ya mshahara kwa ajili ya familia, na mfanyakazi hakatwi kitu kwa tawi hilo.

Kwa hiyo nani anastahili leo? Mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS, ambaye patroni wake anachanga kweli, na ambaye watoto wake wana karatasi. Nani hayumo? Muuza soko, mkulima, mtu wa toleka, mchimbaji, mkimbizi wa ndani. Kwa neno lingine, wengi wetu.

Majirani zetu walichukua njia nyingine. Kenya ilianza mwaka 2004 kutoa pesa kwa nyumba zinazolea yatima. Tanzania, kupitia TASAF, huangalia nyumba zilizo maskini zaidi, na mkutano wa kijiji hushiriki katika kuzitaja. Kule nako kuna malalamiko ya majina kusahaulika. Lakini ulizo la kwanza ni tofauti. Wao wanauliza: nyumba hii inakosa nini? Sisi, tangu 1951, tunauliza: baba anafanya kazi wapi?

Kwetu, msaada mmoja hauulizi baba anafanya wapi: shule ya msingi ya serikali. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema ni ya bure, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Lakini shule ya watoto wadogo, maternelle, haimo ndani ya bure hiyo. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano anabaki mkononi mwa mama, sokoni au shambani.

Mama wa Mangobo, jibu langu ni refu, lakini mambo matatu unaweza kuyafanya. Kwanza, mtoto akizaliwa, apelekwe ofisi ya etasivili kabla ya siku 90. Zikipita, itahitajika hukumu ya tribunali, na hiyo ina safari na gharama. Pili, kama bwana aliyefariki aliwahi kufanya kazi ya kuandikishwa, usitupe kipande chochote cha karatasi yake. Kipeleke CNSS hapa Kisangani uulize haki ya mjane na yatima. Tatu, mtoto mwenye umri wa shule ya msingi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya minervali katika shule ya serikali.

Na kwa wabunge wetu wa jimbo na wa taifa, ulizo lake ninalileta kama lilivyo. Alikimbia na watoto wawili na sufuria moja. Jina lake liandikwe wapi?