Nani Alilipia Nyumba za Kupangisha Mtwara?

Ndugu zetu wengi tuliosoma pamoja wamekwisha kustaafu au wanakaribia, na kila tunapokutana mazungumzo hayakawii kufika kwenye kiinua mgongo na nyumba ya kupangisha. Wengine hutaja Mtwara mjini, wengine hutazama mpakani Kilambo, kwenye njia ya kuvukia Mto Ruvuma. Kabla mtu hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji, si vibaya tukaitazama historia ya jambo hili kwetu Kusini, na hasa swali moja: fedha za kujengea zilitoka wapi?

Mikindani ni mji wa kale, lakini Mtwara ni mtoto wa karanga. Mradi wa Waingereza wa karanga, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ndio ulioleta reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa 1954. Maofisa walijengewa Shangani, kando ya bahari. Kibarua alijitafutia pa kulala. Hapo nyumba ya Kiswahili ilipata kazi: ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja na vingine akapangisha. Aliianza kwa boriti za mikoko, fito, udongo na makuti. Mabati yalisubiri msimu mzuri wa korosho. Benki haikuhusika. Chumba cha kwanza kililipiwa na korosho au mshahara, na kodi ya hicho ikasaidia kusimamisha cha pili. Reli ilipofungwa 1962, mtu aliyejenga hivyo huenda alikosa wapangaji, lakini hakuwa na mdai mlangoni.

Kisha ikaja siasa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi lilimgusa hata mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati, pamoja na mke wake. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, alijitoa katika Kamati Kuu ya TANU mwaka uleule. Aprili 1971 sheria ya kutwaa majengo ikapitishwa: jengo la kupangisha lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi likawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba. Wenyewe, wengi wao wa asili ya Kiasia, hawakupata fidia yo yote iwapo jengo lilikwisha kupita miaka 10. Kabwela wa nyumba ya udongo hakuguswa. Kwa maoni yangu, hofu ya mwaka ule ilikaa mioyoni mwa watu kuliko sheria yenyewe. Mwenye uwezo aliona afadhali vibanda vitatu katika mitaa mitatu kuliko ghorofa moja linaloonekana kutoka barabarani. Masharti ya uongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991.

Serikali haikumwacha mwananchi bila njia. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya 1972, nayo ikakopesha hasa watu wenye mishahara ya kukatwa. Marejesho yakawa mabaya na mwaka 1995 benki ikafa. Sheria mpya ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, na kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu, TMRC, ikaundwa 2010. Riba, hata hivyo, imekuwa mara nyingi asilimia 15 na zaidi.

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme umekopa shilingi 40,000,000 kwa asilimia 16. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni kama 6,400,000. Nyumba ina vyumba sita, kila kimoja 40,000 kwa mwezi, na vyote vimejaa mwaka mzima (jambo ambalo mwenye nyumba yo yote atalicheka): unapata 2,880,000. Hiyo haifiki nusu ya riba, wala hujagusa deni lenyewe.

Ndiyo maana mkopeshaji mkubwa wa nyumba zetu amekuwa mpangaji mwenyewe. Kodi ya miezi sita au mwaka mzima inayodaiwa kabla ya kuingia ni mkopo usio na riba. Kwayo mabati yananunuliwa na sakafu inamwagwa. Wapo pia wanaopewa pagala, wakalimalizia kwa fedha zao, na gharama ikakatwa kidogo kidogo kwenye kodi. Mpangaji mnyonge huumia hapo, na hilo tulitaje waziwazi: anayepata mshahara wa mwezi anatakiwa kulipa wa miezi sita kwa mkupuo, tena na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Gesi iliamsha watu upya. Ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, ila ilipotangazwa habari ya bomba na viwanda, viwanja vya Mtwara vilipanda bei na watu wakajenga kwa ajili ya wageni watakaokuja. Mwaka 2013 kukawa na ghasia, kwa kuwa wananchi waliona gesi inahamishwa. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015. Wageni wa bomba hukaa wakati wa kulichimbia, wakaondoka.

Kilambo nako hesabu imefungwa na ng'ambo ya mto. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Cabo Delgado walishambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya Total ikatangaza kuusimamisha mradi wake wa gesi huko. Anayejenga vyumba vya wasafiri mpakani ajue kwamba mwezi mmoja wa vita unaweza kuvifunga vyote. Tena, penye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji ikubali kabla ardhi haijahamishiwa mtu asiye mkazi. Karatasi aliyoandika muuzaji mbele ya mashahidi wawili haitoshi, hata kama mmoja wao alisoma nawe bweni moja.