WALIINGIA KWA MLANGO WA NYUMA, WAKATOKA MAKOCHA! Historia ya klabu za tenisi za bomani

Haya, tuanze na kichuguu. Mtu wa Mbalibali hahitaji kuelezwa kichuguu ni nini, ila wengi hawajui kwamba udongo wake ndio uliotengeneza viwanja vya tenisi kwenye miji midogo enzi za mkoloni. Unachimbwa, unapondwa, unachekechwa, unamwagiwa maji, kisha unashindiliwa kwa roli zito la kuvuta kwa mikono. Ukikauka, mpira unadunda safi kabisa. Na nani alivuta hilo roli? Mara nyingi ni wafungwa wa gereza la hapo hapo bomani.

Waingereza walikuja na tenisi yao baada ya kuwatoa Wajerumani. Dar es Salaam Gymkhana ilianza 1916. Huko mikoani, klabu ilikuwa nyumba moja yenye baraza, kaunta ya vinywaji na uwanja mmoja au miwili. Wanachama ni DC, daktari, mkuu wa polisi na wake zao. Ofisi zikifungwa, wanavaa nyeupe tupu, wanacheza mpaka giza linaingia, halafu wiski.

Sasa cheki kituko: neno gymkhana lenyewe asili yake ni India, lakini Mhindi mwenye duka hakuruhusiwa kujiunga! Wahindi na Wagoa wakaanzisha klabu zao. Mwafrika yeye aliingia kwa mlango wa nyuma: mpishi, mhudumu, au kijana wa kuokota mipira.

Hao vijana ndio stori yenyewe. Kwenye zile mbao za washindi zinazotundikwa ukutani hayupo hata mmoja wao. Lakini walikuwepo uwanjani kila jioni, wanaangalia miguu inavyokaa, mkono unavyozunguka. Wakirudi mtaani wanachonga raketi kwa ubao. Hesabu za "fifitini lavu" walizijua hata wale ambao hawakukanyaga shule.

Ikaja Uhuru, 1961. Mabwana wakafungasha, maofisa wetu wakaingia klabu kwa mlango wa mbele. Shida ni moja tu, wengi hawakuwahi kushika raketi. Wa kuwafundisha alikuwa nani? Yule yule aliyekuwa anaokota mipira. Fikiria bosi mpya anaambiwa "kunja goti mzee" na kijana ambaye jana alikuwa haruhusiwi hata kukaa barazani.

Mwaka 1970 Arthur Ashe na Stan Smith (ndiyo, huyo huyo wa raba za Adidas unazovaa) walipita Tanzania kwenye ziara yao ya Afrika. Raha haikudumu. Miaka ya 80 fedha za kigeni zilikauka, na mipira ya tenisi inatoka nje. Watu walipiga mpira mpaka unaota kipara. Klabu nyingi zikabaki baa na ukumbi wa harusi, uwanja ukawa maegesho ya magari.

Lakini ule mlango wa nyuma bado unatoa watu. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alichukua ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili. Alilelewa na bibi yake Nairobi. Bibi alikuwa mfanya usafi kwenye shule yenye viwanja vya tenisi.